Gideon Mantell na Jino Lisilo na Taya

Msomaji aliyewahi kumtazama mjusi kafiri ukutani akimnasa nzi atakuwa ameona kwamba mjusi hatafuni. Hukamata, hubana mara moja au mbili, kisha humeza. Kenge naye hufanya vivyo hivyo, na mamba pia, ingawa mamba hurarua kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 19 wataalamu wa Ulaya waliichukulia hali hii kuwa kanuni isiyovunjwa: mnyama mtambaazi ana meno ya kukamatia, wala si ya kusagia. Aliyelazimika kuipinga kanuni hiyo ni daktari wa mji mdogo wa Lewes, kusini mwa Uingereza, naye hakuwa na ushahidi mwingine ila meno machache yaliyosagika, yasiyo na taya wala fuvu. Makala haya yanasimulia maisha ya daktari huyo, Gideon Algernon Mantell, na jinsi meno hayo yalivyomjengea jina na kumbomolea nyumba.

Mantell alizaliwa Lewes tarehe 3 Februari 1790. Baba yake, Thomas, alikuwa mshona viatu na mfuasi wa madhehebu ya Wamethodisti. Katika Uingereza ya wakati ule jambo hilo la pili lilikuwa na uzito kuliko la kwanza, kwani shule za sarufi zilihifadhiwa watoto wa kanisa rasmi la Kianglikana. Kijana huyo basi akapata elimu yake kwa vipande vipande, na akiwa na umri wa miaka 15 akawekwa chini ya daktari mpasuaji wa mji, James Moore, ili ajifunze kazi kwa kumsaidia. Baadaye alikwenda London kuendelea na masomo, na mwaka 1811 akarejea nyumbani akiwa na cheti cha Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji. Huko London alikutana na James Parkinson, yule ambaye ugonjwa wa kutetemeka viungo unaitwa kwa jina lake hadi leo. Watu wachache wanajua kwamba Parkinson alikuwa pia mpenzi mkubwa wa visukuku, na haikosi alimwongezea Mantell kiu aliyokuwa nayo tangu utotoni alipookota mabaki ya konokono wa kale katika vilima vya chokaa vya kwao.

Udaktari wa Lewes haukuwa kazi ya kukaa kitako. Kulikuwa na milipuko ya ndui na homa ya matumbo, na Mantell alizalisha akina mama zaidi ya 200 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1826 alimtetea mwanamke mmoja maskini, Hannah Russell, aliyehukumiwa kifo kwa tuhuma za kumpa mumewe sumu ya arseniki. Mantell alichunguza ushahidi wa kitabibu uliotolewa mahakamani, akathibitisha kwamba vipimo vilivyotumika havikutosha kuonyesha kuwapo kwa sumu, na mama huyo akaachiliwa huru. Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha tabia ya mtu: hakukubali jambo kwa kuwa limesemwa na wakubwa. Tabia hiyohiyo ndiyo aliyoipeleka machimboni.

Mwaka 1816 alimwoa Mary Ann Woodhouse, binti wa mmoja wa wagonjwa wake. Bi Mary Ann hakuwa mke wa kukaa jikoni tu. Alijifunza kuchora na kuchonga picha kwenye bamba, na kitabu cha kwanza cha mumewe kuhusu visukuku vya vilima vya South Downs, kilichotoka Mei 1822, kilikuwa na kurasa 42 za picha alizozichonga yeye. Mfalme George wa Nne aliagiza nakala nne. Pamoja na heshima hiyo, kitabu hakikuleta faida, na hasara hiyo ilikuwa mwanzo wa nyingine nyingi.

Ni katika kipindi hicho ambapo meno yale yalipatikana. Karibu na kijiji cha Cuckfield palikuwa na machimbo ya mawe ya kutengenezea barabara, mahali paitwapo Whiteman's Green, katika eneo lililojulikana kama msitu wa Tilgate. Kisa kinachopendwa na wengi husema kwamba Mantell alikwenda kumwona mgonjwa, na mkewe aliyekuwa akimsubiri nje akaona kitu kinang'aa kwenye rundo la kokoto za barabarani. Mantell mwenyewe, katika vitabu vyake vya 1827 na 1833, alimpa mkewe sifa ya kupata jino la kwanza. Lakini mwaka 1851, wakati ambapo mke huyo alikwisha ondoka nyumbani, aliandika kwamba ni yeye aliyelipata. Mwandishi wa makala haya anaona kauli ya awali ina uzito zaidi kuliko ile iliyotolewa baada ya ndoa kuvunjika, ingawa hakuna shahidi wa tatu.

Jino lenyewe lilikuwa la rangi ya kahawia iliyokoza. Uso wake mmoja ulikuwa na miinuko ya wima, kingo zake zilikuwa na vijino vidogo kama vya msumeno, na ncha yake ilikuwa imesagika ikawa bapa, kwa mshazari, mithili ya patasi. Mantell aliliona jambo moja upesi: jino la namna hiyo lilisagwa na jino jingine wakati wa kutafuna majani magumu. Mwenye jino alikuwa mla majani. Iwapo lingetoka katika mchanga wa juu, ambamo mifupa ya tembo na vifaru wa kale hupatikana, lisingekuwa na ajabu yoyote. Lakini lilitoka katika miamba iliyo chini ya chokaa, ya zama za kale sana ambazo hakuna aliyetarajia kuona mamalia mkubwa ndani yake. Leo tunajua kwamba miamba hiyo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 130. Basi mwenye jino alikuwa nani? Akisema ni mamalia, miamba inamkanusha. Akisema ni mtambaazi, jino lenyewe linamkanusha.

Mwaka 1822 aliyapeleka meno hayo London mbele ya wanajiolojia. William Buckland wa Oxford na wenzake waliyatazama wakaona ni ya samaki mkubwa au ya kifaru, tena kutoka katika tabaka la juu. Ni William Wollaston peke yake aliyemtia moyo aendelee. Mwaka uliofuata rafiki yake, Charles Lyell, alilichukua jino moja hadi Paris akamwonyesha Georges Cuvier. Ni vigumu kwa msomaji wa leo kufahamu uzito wa jina hilo. Cuvier alikuwa ndiye mwamuzi wa mwisho wa mifupa yote duniani. Ilisemekana kwamba kwa mfupa mmoja angeweza kumjenga mnyama mzima. Alilitazama jino lile usiku, katikati ya tafrija, akasema ni la mbele la kifaru. Kesho yake alianza kutilia shaka maneno yake mwenyewe, lakini shaka hiyo haikumfikia Mantell; kilichofika Lewes ni hukumu ya kwanza tu.

Hapa inafaa tusimame kidogo tulieleze jambo ambalo Mantell alikuwa akilitafuta, maana bila hilo kisa chake hubaki kuwa cha bahati tu.

Sisi wanadamu tuna seti mbili za meno. Za utotoni hung'oka, za ukubwani huja, na hizo zikishatoka mtu huwa kibogoyo. Reptilia wengi hawana taabu hiyo. Ndani ya ufizi wao kuna ukanda mwembamba wa tishu, uliokunjika kutoka kwenye ngozi ya kinywa na kuzama ndani ya taya, na ukanda huo haufi mnyama anapokomaa. Huendelea kuchipuza meno mapya maisha yote. Chipukizi la jino jipya huanza upande wa ndani wa jino la zamani, karibu na mzizi wake. Linapokua huligandamiza jino la zamani. Seli maalumu huumumunya mzizi wa jino hilo kidogo kidogo hadi kisalie kichwa kitupu, ambacho hudondoka chenyewe. Mamba hubadilisha kila jino lake makumi ya mara. Namna meno yanavyoshikamana na taya nayo hutofautiana: ya mamba hukaa katika vishimo kama yetu; ya kenge na mijusi wengi hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa taya; ya kinyonga huungana kabisa na ukingo wa mfupa, na kwa kuwa hayo hayabadilishwi, kinyonga mzee huishia kuumia chakula kwa mfupa wa taya wenyewe uliochongeka.

Sasa tulirudie jino la Cuckfield. Meno mengi aliyokusanya Mantell hayakuwa na mizizi. Sehemu ya chini ilikuwa na tundu. Mtu mwingine angesema yamevunjika. Mantell, aliyekuwa amekwisha tazama vinywa vya watoto wengi kuliko mwanajiolojia yeyote wa enzi yake, alisema sivyo: mzizi haukukatika bali ulimumunywa, kwa mgandamizo wa jino lililokuwa likija chini yake, kama inavyotokea kwa jino la mtoto wa miaka sita. Kwa maneno mengine, kile kilichoonekana kuwa upungufu wa ushahidi, yaani meno yasiyo na mizizi na yasiyo na taya, kilikuwa ni ushahidi wenyewe. Haya yalikuwa meno yaliyodondoka kinywani mwa mnyama aliye hai, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mapya yalikuwa yakija. Mtoto wa kibinadamu hufanya hivyo mara moja maishani. Mnyama huyu alifanya hivyo daima.

Mwezi Februari 1824 Buckland alimtangaza Megalosaurus, mtambaazi mkubwa mla nyama, kwa kutumia kipande cha taya ambacho ndani yake meno mapya yanaonekana yakichomoza kando ya yale ya zamani. Mwezi uliofuata alimtembelea Mantell Lewes, akakubali hatimaye kwamba meno yale ni ya mtambaazi, lakini akakataa katakata kuwa ya mla majani. Mantell akayatuma mengine Paris. Jibu la Cuvier, la Juni 1824, ni la kupigiwa mfano kwa msomi yeyote. Alikiri kwamba alikosea, akakubali kuwa huenda hapa pana mnyama mpya kabisa, mtambaazi mla majani, kisha akaongeza sharti: yatafutwe mabaki ya taya yenye meno ndani yake, kwani hapo ndipo shaka itakapokwisha. Aliyarudia maungamo hayo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka huohuo. Wasomi wa hadhi yake ambao wangefanya hivyo ni wachache, jana na leo.

Septemba ya mwaka huohuo Mantell alikwenda London katika makavazi ya Chuo cha Wapasuaji, akafungua droo baada ya droo za mifupa ya reptilia bila kuona kinachofanana na jino lake. Msaidizi wa makavazi, Samuel Stutchbury, akalitazama akakumbuka kwamba siku chache nyuma alikuwa ametayarisha mzoga wa iguana. Iguana ni mjusi mkubwa wa Marekani ya Kati na visiwa vya Karibi ambaye hula majani. Walipoweka jino kando ya taya la iguana, umbo lilikuwa lilelile, pamoja na vile vijino vya msumeno, isipokuwa moja lilikuwa kubwa mara 20 kuliko jingine.

Mantell alitaka kumwita mnyama wake Iguanasaurus. William Conybeare akamwonya kwamba jina hilo lingemfaa iguana mwenyewe, akapendekeza Iguanodon, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jino. Tarehe 10 Februari 1825 taarifa ya Mantell ilisomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Sayansi, na mwaka huohuo yeye, mwana wa mshona viatu, akachaguliwa kuwa mwanachama wake. Kwa kulinganisha ukubwa wa meno alikadiria kwamba mnyama huyo alikuwa na urefu wa karibu mita 18. Makadirio hayo yalizidi kiasi. Iguanodon mkubwa tunayemjua leo alifikia kama mita 10. Isitoshe, jina lenyewe linapotosha kidogo, kwa kuwa Iguanodon hana undugu wa karibu na iguana. Iguana hukata jani kama mkasi na kulimeza. Yule wa Cuckfield alisaga. Ufanano ulikuwa wa umbo, si wa matumizi, na Mantell mwenyewe aliitambua tofauti hiyo kwa kuangalia ncha zilizosagika. Wanafunzi wa lugha hatushangai: majina mengi huzaliwa kwa ufanano wa kwanza, na kitu chenyewe kikishajulikana vizuri jina huwa limekwisha zoeleka.

Kilichosalia ni taya. Miaka ikapita bila taya. Mwaka 1833 Mantell alimtaja mtambaazi mwingine, Hylaeosaurus, aliyekuwa na magamba ya mifupa. Mwaka 1834 machimbo ya Maidstone yalitoa sehemu kubwa ya mifupa ya Iguanodon katika jiwe moja, na marafiki zake wakachanga pauni 25 kumnunulia. Lakini humo hapakuwa na fuvu. Mwaka 1835 Chama cha Jiolojia cha London kikamtunuku nishani ya Wollaston.

Wakati sifa zikipanda, nyumba ilikuwa ikishuka. Mwaka 1833 Mantell alihamia Brighton, mji wa mapumziko wa wakuu, kwa matumaini kwamba matajiri wangekuwa wagonjwa wake. Matajiri walikuja, naam, lakini kuangalia mifupa. Nyumba yake iligeuka makavazi. Watoto wakakosa vyumba, wagonjwa wakakosa daktari, na deni likakua. Mwaka 1838 aliuza mkusanyo wake wote kwa Makavazi ya Uingereza kwa pauni 4,000, akanunua kazi ya udaktari Clapham, kando ya London. Ilikuwa imechelewa. Mwaka 1839 Mary Ann aliondoka. Mwana wao Walter alisafiri kwenda New Zealand. Mwezi Machi 1840 binti yao Hannah, aliyeugua kwa muda mrefu, akafariki. Mantell alikuwa na umri wa miaka 50, daktari aliyewaponya wengi, amebaki katika nyumba isiyo na mke, isiyo na mifupa, na yenye kaburi jipya.

Oktoba 1841 msiba mwingine ukamkuta. Gari lake la farasi lilimwangusha katika uwanja wa Clapham, akanaswa na hatamu akakokotwa chini. Uti wa mgongo uliharibika, naye akaishi na maumivu makali miaka yote iliyobaki, akiyatuliza kwa afyuni.

Ni katika udhaifu huo ambapo Richard Owen alijitokeza mbele yake. Owen alikuwa mdogo kwake kwa miaka 14, mjuzi wa anatomia asiye na kifani katika Uingereza ya siku zile, na mkuu wa makavazi ya Chuo cha Wapasuaji. Hatuna budi kumpa haki yake. Kitabu chake kikubwa kuhusu meno, kilichotoka kwa mafungu kati ya 1840 na 1845, kilichunguza kwa hadubini muundo wa meno ya wanyama wa kila aina, wa kale na wa sasa, na hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya upana ule. Mwaka 1842 alichapisha neno dinosaria, akiwaweka katika kundi moja wanyama watatu, na kati ya hao watatu wawili walikuwa wa Mantell. Lakini Owen hakuwa mtu wa kugawana sifa. Alipunguza urefu wa Iguanodon, jambo lililokuwa sahihi, na alipunguza pia mchango wa aliyemgundua, jambo ambalo halikuwa sahihi.

Mwaka 1848 ndipo taya likapatikana. Kapteni Lambart Brickenden alilitoa katika machimbo yaleyale ya Whiteman's Green na kumpa Mantell. Cuvier, aliyelidai, alikuwa amekufa tangu 1832; miaka 24 ilikuwa imepita tangu barua yake. Lilikuwa taya la chini la upande wa kulia, au tuseme mfupa mmoja wake. Taya la chini la reptilia, tofauti na letu, hujengwa kwa mifupa kadhaa iliyounganishwa, na ni mmoja tu, wa mbele, unaobeba meno. Mwaka 1837 Mjerumani Karl Reichert alikuwa ameonyesha kwamba mifupa miwili inayofanya kiungo cha taya katika reptilia ndiyo, katika mamalia, inayokuwa nyundo na fuawe ndani ya sikio. Tunatafunia kwa mfupa mmoja na tunasikia kwa mabaki ya mingine.

Mantell alilichunguza taya hilo akiwa hawezi kukaa wima kwa muda mrefu. Meno ya juu yake yalikuwa yamedondoka, lakini nafasi zao zilikuwa wazi, na kwa upande wa ndani palionekana mahali ambapo meno ya kuchukua nafasi yalikuwa yakikua. Kile alichokisema mwaka 1825 kwa kutazama tundu chini ya jino sasa kilionekana ndani ya mfupa. Aliona pia kwamba sehemu ya mbele ya taya haikuwa na meno kabisa bali ilikuwa kama kijiko, akakisia kwamba mnyama huyo alikuwa na midomo minene na ulimi mrefu wa kuvutia majani kinywani. Katika hili la midomo alikosea, kwani mifupa kamili iliyopatikana baadaye ilionyesha kwamba mbele palikuwa na mdomo mgumu kama wa kasa. Lakini katika la meno hakukosea. Taarifa yake kuhusu muundo wa taya na meno ya Iguanodon ilitolewa na Chama cha Kifalme mwaka huohuo, na mwaka 1849 akatunukiwa Nishani ya Kifalme, licha ya upinzani wa Owen kikaoni. Lyell, yule aliyelibeba jino hadi Paris miaka 26 nyuma, alikuwa miongoni mwa waliomtetea. Mwaka huo pia Mantell alitambua kwamba miguu ya mbele ya Iguanodon ilikuwa myembamba kuliko ya nyuma, wakati Owen akimfikiria kuwa mnyama mzito wa miguu minne sawa, kama kifaru.

Alifariki London tarehe 10 Novemba 1852 baada ya kunywa afyuni kupita kiasi katika maumivu. Muda mfupi baadaye gazeti moja lilichapisha tanzia isiyo na jina la mwandishi, iliyomdunisha marehemu. Wengi waliitambua kalamu ya Owen. Mwaka 1854, katika bustani ya Crystal Palace, sanamu za Iguanodon zilisimamishwa kwa ushauri wa Owen: miguu minne mizito, na pembe puani. Hiyo pembe ilikuwa kosa la Mantell. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart, Ubelgiji, walikuta mifupa ya Iguanodon kwa makumi, mingi ikiwa kamili, na Louis Dollo akaonyesha kwamba pembe ile ni ukucha wa kidole gumba.

Mafuvu ya Bernissart yalikamilisha hesabu. Iguanodon wa huko alikuwa na meno hadi 29 kila upande wa taya la juu na hadi 25 kila upande wa chini. Enameli nene ilikuwa upande wa nje kwa meno ya juu, na upande wa ndani kwa ya chini. Kwa hiyo yaliposuguana upande laini ulilika upesi kuliko mgumu, na makali yakabaki daima, kama patasi inayojinoa yenyewe. Kila jino lilikuwa na mrithi mmoja anayesubiri. Mwaka 1984 David Norman alieleza kwamba mnyama alipouma, mataya ya juu yalisukumwa nje kidogo na meno yakasagana kwa pembeni. Wengine tangu hapo wamehoji ni kwa kiasi gani mifupa ya fuvu iliweza kusogea hivyo. Kwamba alisaga, hakuna anayehoji.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna jamaa wa ukoo huo mpana. Katika kilima cha Tendaguru, karibu na Lindi kusini mwa Tanzania, misafara ya Wajerumani ya 1909 hadi 1913 ilichimba, pamoja na majitu yanayojulikana zaidi, mifupa mingi ya mla majani mdogo aitwaye Dysalotosaurus. Walikuwamo wa umri mbalimbali, makinda kwa wakubwa, kiasi kwamba wataalamu wameweza kulinganisha fuvu la mdogo na la mkubwa na kuona jinsi taya linavyobadilika mnyama akikua, jambo ambalo Mantell, mwenye taya moja, hangeweza kulifanya. Mifupa hiyo ilipelekwa Ujerumani.

Kuna mambo matatu ya kuongeza juu ya mabaki. Sehemu ya uti wa mgongo wa Mantell ilikatwa baada ya kifo chake na kuhifadhiwa katika makavazi ya Chuo cha Wapasuaji, chini ya uangalizi wa Owen, kama mfano wa mgongo uliopinda. Ilikaa rafuni hadi 1969 ilipoharibiwa kwa kukosa nafasi. Mojawapo ya meno aliyoyakusanya lilisafiri na mwanawe Walter na sasa limo katika makavazi ya Te Papa mjini Wellington. Na lile taya la Brickenden lipo London. Mwaka 2010 wachunguzi walisema kwamba halikuwa la Iguanodon hata kidogo bali la jamaa yake, wakalipa jina la Kukufeldia, kutokana na jina la kale la Cuckfield. Wengine wakapinga, wakisema ni la Barilium, mnyama mwingine wa miamba ileile, na kwamba taya moja halitoshi kuanzishia jina.